Jiwe la Lengai halioshwi (na mengine ambayo nimechoka kuyarudia)

Wadogo zangu wa jiolojia mlioingia fildi mwaka huu, salamu. Naandika hii nikiwa na hasira kidogo na huku nacheka peke yangu, kwa hiyo mnivumilie nikirukaruka.

Wiki iliyopita tulikuwa kambini Engare Sero. Mnaopajua mnapajua, vumbi, upepo wa jioni unaong'oa turubai, na mlima Lengai, ile volkano yetu ya Natron, umekusimamia hapo juu kama mkwe asiyependa maongezi. Nilikuwa na kopo moja la sampo ya lava ya 2006, limefungwa miaka yote hiyo, natembea nalo kuwaonyesha watu wapya maana lava ya aina ile ikiwa bado nyeusi huipati kila siku. Asubuhi dogo mmoja ananijia na sura ya msiba. "Bosi, sampo imeota ukungu." Nikamuuliza ukungu gani tena. Akanionyesha. Kumbe usiku alifungua kopo apige picha ya status, akasahau kifuniko. Jiwe lililokuwa jeusi tii limeota ndevu nyeupe kama mkate wa wiki mbili.

Sikumfokea. Wenzake walishangaa kwa nini sijamfokea, na sababu yenyewe ndo namba moja hapa chini.

Alafu jioni hiyo hiyo kwenye prezentesheni watu watatu mfululizo wakasimama na sentensi ile ile niliyokuwa naisema mimi nikiwa mwanafunzi, kwamba volkano ikilipuka majivu yanafunika jua na dunia inapoa. Watatu! Na wote wamepigiwa makofi. Nikasema ngoja niandike tu, labda mtasoma mkiwa kwenye basi.

1. Jiwe la Lengai halioshwi.

Wote mnajua Ol Doinyo Lengai ndo volkano hai pekee duniani inayomwaga lava ya natrokabonatiti, hiyo mmeikariri kwa ajili ya mtihani. Kukariri ni kitu kingine na kulishika jiwe ni kitu kingine. Basalti, ile lava nyeusi ya volkano nyingi, inatoka na nyuzi 1,100 na zaidi, hii ya kwetu inatoka na nyuzi 500 hadi 600 hivi, mchana hata wekundu wake huuoni, inatiririka kama oili chafu ya gereji. Na kwa lugha ya jikoni ni magadi. Ndugu kabisa na yale unayotia kwenye makande yaive haraka, yamechanganyika na chokaa. Sasa magadi ukiyatia maji yanafanyaje? Eeh. Subirini.

Mwaka 2005, mwezi wa saba, mimi mwanafunzi, nimechukuliwa kama msaidizi wa profesa mmoja, na nilijiona nimefika. Tulianza kupanda saa tano usiku, kumi na mbili kasoro tuko juu. Wakati huo kreta ya kaskazini ilikuwa imejaa lava mpaka mdomoni, unatembea juu yake kama uwanja wa mpira wenye vichuguu, na vichuguu vyenyewe vinakohoa. Kimoja kilikuwa kimetapika usiku ule ule. Tukachukua sampo sita kwa nyundo na koleo refu, nyeusi, zinang'aa, bado zina joto la kushikia glavu. Profesa alikuwa na makopo ya kufunga, selotepu, na vile vipakiti vya silika vya kwenye boksi la viatu vipya. Akaniambia tukifika chini funga kila moja kivyake, andika lebo, basi. Maelekezo ya sentensi moja. Mtoto wa darasa la nne angeyaweza.

Tukashuka, mnajua kushuka Lengai, nusu unatembea nusu unakalia makalio, saa sita mchana tuko kambini miguu inatetemeka. Gari letu lilikuwa limekata springi kwa hiyo profesa akaondoka na dereva kwenda kutafuta fundi, akaniacha na sampo. Nikazitoa kwenye begi niziangalie. Zimejaa vumbi na majivu, aibu tupu. Na mimi nilikuwa nimefundishwa miaka miwili kwamba sampo safi ndo sampo, huwezi kuona madini kwa lensi kama jiwe limejaa uchafu. Nikasema leo mzee atajua amemchukua nani.

Nikachota maji ya mtoni kwenye ndoo ya bluu. Nikachukua mswaki wa zamani. Nikaanza kusugua.

Kitu cha kwanza nilichogundua ni kwamba mikono inateleza kama nimeshika sabuni. Mtu mwenye akili hapo angesimama ajiulize jiwe linatelezaje. Mimi nikafurahi! Nikaona uchafu unatoka vizuri. Maji yakawa ya kijivu, nikabadilisha, nikasugua tena, nne zikaisha, mbili nikaziacha kwa sababu mpishi aliita chakula. Nikazianika zile nne juu ya turubai kwenye jua, nikala ugali, nikalala usingizi wa mtu aliyefanya kazi yake.

Nilipoamka jioni nilidhani kuna mtu amemwaga unga wa sembe juu ya turubai. Nikapuliza. Haukupulizika. Nikaokota moja, ikavunjikia mkononi kama sukari guru iliyolala nje. Nakumbuka nilitazama pande zote kama kuna aliyeniona, na aliyeniona ni yule mzee wa Kimaasai aliyetupandisha usiku, amekaa chini ya mgunga na fimbo yake. Akauliza taratibu kabisa, "Mwanangu, umefua chumvi?"

Kwa wasiojua, madini makuu ya jiwe lile ni mawili, nyereraiti na gregoriti. La kwanza limepewa jina la Mwalimu mwenyewe, la pili jina la Gregory, yule mwanajiolojia wa Bonde la Ufa. Kwa hiyo kimsingi nilimsugua Baba wa Taifa kwa mswaki kwenye ndoo ya bluu mpaka akaondoka na maji. Sodiamu na potasiamu vinatangulia, kinachobaki kinaelekea kuwa kalsaiti, chokaa tu. Hata bila kuosha, unyevu wa hewa peke yake unaanza kulifanya jeupe ndani ya masaa, ndo maana kilele kwa mbali kinaonekana kama kina theluji. Na ndo maana hizi lava zilichelewa kueleweka, mpaka mwanajiolojia J. B. Dawson alipopanda 1960 akaziona zikiwa mbichi.

Profesa alirudi usiku. Nilimwonyesha. Hakupiga kelele, akaomba chai, akanywa yote, alafu akauliza swali moja: "Ulizichukua kule juu saa ngapi?" Sikuwa nimeandika. Kuosha angenisamehe, nadhani, ila muda sikuandika hata wa zile mbili nzima, na jiwe linalobadilika kila saa bila saa yake ni zawadi ya kuweka kabatini tu. Asubuhi yule mzee wa Kimaasai aliuliza kama anaweza kuchukua lile unga kwa ajili ya mbuzi. Nikamfungia kwenye karatasi.

Na sehemu inayoniuma mpaka leo sio hiyo. Kwenye ripoti niliandika mimi mwenyewe, kwa mwandiko mzuri: "Sampo nne ziliathirika na unyevu." Unyevu! Kama vile mbingu ndo ilishika mswaki. Profesa alisaini bila kusema kitu. Miaka mingi nilikuwa nikiulizwa nasema kulinyesha. Mwezi wa saba. Natron. Na hakuna aliyenibishia.

2. Majivu sio yanayopoza dunia, ni salfa.

Majivu ni jiwe lililosagika na vipande vya kioo, mazito, mengi yanadondoka ndani ya siku chache, yaliyobaki wiki chache. Kinachokaa ni gesi ya salfa dayoksaidi ikifika stratosfia, lile tabaka la hewa juu ya mawingu ya mvua, ikageuka matone madogo ya asidi ya salfa. Pinatubo, Ufilipino, 15 Juni 1991, ilirusha tani kama milioni 15 hadi 20 za gesi hiyo, nguzo ikaenda juu kilomita 35 hivi, na ndani ya wiki kama tatu lile pazia likawa limeizunguka dunia. Pazia jepesi, kama la neti dirishani, unaona nje vizuri tu ila chumba kimefifia. 1992 wastani wa joto la dunia ulishuka karibu nusu nyuzi. Majivu yake wakati huo yalishakuwa tope kwenye mashamba ya watu kitambo.

Kwa hiyo mtu akikuonyesha tabaka nene la majivu akasema hapa dunia ilipoa, muulize salfa iko wapi. Kilichopoza hakiko kwenye lile tabaka, kilishadondokea mbali, ndo maana wenzetu wanakitafuta kwenye barafu ya Greenland na Antaktika.

3. Ukisahau vyote kumbuka kimo.

Salfa ikiishia chini, mvua inaiosha ndani ya siku au wiki. Volkano ya Nyamulagira kule Kongo inatoa salfa nyingi ajabu lakini sehemu kubwa inabaki huku chini, inaharibu mabati na maji ya mvua ya majirani kuliko inavyogusa hali ya hewa ya dunia. Nabro ya Eritrea 2011 salfa yake ilifika stratosfia. Tofauti ndo hiyo.

Na hapa niingize Lengai yetu maana kila mwaka kuna anayeuliza. 2007 mnaikumbuka, au wazazi wenu wanaikumbuka, Julai ardhi ilitikisika wiki nzima na zaidi, tetemeko la tarehe 17 lilikuwa la 5.9, Arusha watu walikimbia nje na mataulo. Magma ilikuwa inapasua mwamba chini kwa chini chini ya Gelai, mlima jirani, bila hata kutokeza juu, ubavu wa mlima ukapasuka na ardhi ikashuka. Septemba Lengai ukaacha kutiririka ukaanza kulipuka, ule uwanja wangu wa mpira wenye vichuguu ukageuka shimo. Wafugaji wakahamisha mifugo. Na joto la dunia? Halikushtuka hata kidogo. Kitu kikubwa kabisa kwa aliyekuwa na boma pale chini, na kwa stratosfia ni kama mtu amekohoa chumba cha pili. Mbadiliko wa jiolojia tuliuona kwa macho ndani ya miezi miwili, wa klima haukuwepo. Jifunzeni kuvitenganisha kabla hamjapanda jukwaani.

4. Sio lazima mlipuko uwe mkubwa kama Tambora.

Tambora ya Indonesia wote mnaipenda, ililipuka Aprili 1815, mwaka uliofuata Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani hawakupata kiangazi chao, mazao yakafa, sawa. Mimi nataka msome Laki. Iceland, 8 Juni 1783, mpasuko mrefu ardhini unamwaga lava miezi 8, salfa tani kama milioni 120, hakuna nguzo ya kutisha kama ya Pinatubo. Mifugo zaidi ya nusu ikafa na watu karibu mmoja kati ya watano kwenye kisiwa kizima, wengi kwa njaa. Alafu angalia hii: Nile ikashuka. Mvua za Afrika zilidhoofika, mafuriko ya Nile ya 1783 na 1784 yakawa hafifu, Misri ikaingia njaani. Mkulima wa Misri hajawahi kusikia neno Iceland maishani mwake.

Sasa, wale kondoo wa Iceland waliuawa sana na florini, kemikali ya kwenye gesi ya volkano, iliyolala kwenye nyasi, mifupa na meno vikaharibika. Mnaotoka Arumeru hamhitaji niwaeleze. Florini ya volkano ndo hiyo hiyo iliyoko kwenye maji ya visima na chemchemi za kuzunguka Meru, tofauti huku inatoka kwenye mwamba polepole, na meno ya kahawia ya bibi zetu ni rekodi ya jiolojia kama tabaka lolote. Nilikuwa na rafiki chuo, anafunika mdomo akicheka, miaka minne nzima, na sisi tunasoma jiokemia darasa moja na hakuna aliyemwambia kwamba hilo ndo somo la leo. Nilikuwa wapi... ndiyo, maji. Pimeni maji ya kambi kabla ya kunywa wiki tatu.

5. El Niño ipo. Kabla hujailaumu volkano angalia kama mwaka huo kulikuwa na El Niño, maana ya 1991 hadi 1992 ilikuwepo sambamba na Pinatubo na waliopima walilazimika kuzitenganisha kwa jasho.

6. Mjomba wa msibani.

Kila mmoja wenu anaye. Wa kwangu alinisimamisha kwenye foleni ya pilau: "Nyie wasomi mnasumbua watu na mikaa yao, volkano moja inatoa moshi kuliko magari yote ya dunia." Msibishane naye kwa hisia, mpeni namba. Volkano zote kwa mwaka zinatoa kaboni dayoksaidi ya mamia ya milioni ya tani. Binadamu kwa mafuta, gesi na makaa ya mawe tunapita tani bilioni 35. Volkano haifiki asilimia 1 ya yetu. Mjomba hatakubali ila pilau itakuwa imefika.

Ila na nyie msivimbe kichwa, maana ukibadilisha saa ukaweka mamilioni ya miaka, mjomba anaanza kuwa na hoja. Basalti za Siberia miaka milioni 252 iliyopita zilimwagika kwa muda mrefu na wingi ambao hakuna binadamu amewahi kuuona, gesi ikajaa, na viumbe vingi kuliko wakati wowote mwingine tunaoujua vikatoweka. Na upande wa pili, basalti ikinyeshewa na kuoza inavuta kaboni dayoksaidi hewani, inaishusha baharini kama chokaa, kazi ya miaka mpaka unasinzia. Nyanda za juu za Ethiopia, basalti ya miaka milioni 30, zinafanya hivyo mpaka leo. Kwa hiyo ukiulizwa volkano inapoza au inapasha, jibu lako la kwanza liwe swali, kwa muda gani?

7. Toba, na mimi tena.

Miaka kadhaa nilikuwa nawaambia wanafunzi kwa sauti nzito kwamba mlipuko wa volkano ya Toba, Sumatra, kama miaka 75,000 iliyopita, ilileta baridi ya kutisha na binadamu wa Afrika karibu waishe. Stori tamu, inanyamazisha darasa. Alafu 2013 wakatoka watu na tope la chini ya Ziwa Nyasa, wamekuta ndani yake chembe za majivu ya Toba, zaidi ya kilomita 7,000 kutoka mlimani, huzioni kwa macho, na tope la juu na chini yake halionyeshi baridi yoyote ya ghafla. Wiki iliyofuata niliingia darasani nikafuta slaidi mbele yao. Mmoja akauliza, "Sasa mwalimu ile tuliyoandika kwenye mtihani?" Nikamwambia alama zako zimebaki.

8. Majivu ya kwenye tabaka hakikisha yalidondoka, hayakusombwa.

Chembe zimeviringika, zimechanganyika na mchanga, kuna mistari ya maji? Huo ni mto uliyabeba baadaye, usiyatolee umri wa mlipuko. Pale Oldupai, kwenye mabaki ya binadamu wa kale, tabaka za majivu ndo zilizoyapa mabaki hayo umri wa kama miaka milioni 1.75 mwaka 1961 na kuwashangaza waliodhani ni mdogo zaidi, na zilifaa kwa sababu mtu alichagua majivu sahihi. Ukichukua sampo, chimba upite sehemu iliyooza kwanza. Lebo mbili, moja ndani moja nje. Picha na kipimo, na sio kidole chako jamani.

Halafu mkipita nyanda za Serengeti kurudi, simamisheni gari kidogo. Zile nyasi fupi bila mti hata mmoja zimekaa juu ya majivu ya volkano za huku, yameshikana chini kidogo ya udongo mpaka yakawa kama saruji, mizizi ya mti haipiti, nyasi inapita, na madini yake ndo yanawavuta nyumbu kuja kuzalia pale. Watalii wanapiga picha nyumbu. Nyie pigeni jembe.

9. Nilitaka kusema kitu kuhusu betri za GPS ila mmeshachoka na mimi pia. Bebeni za akiba.

Sasa yule dogo wa kopo. Usiku wa kuamkia kuondoka alinifuata kwenye moto na daftari lake, hajala. Akasema, "Bosi, sehemu ya maelezo nimejaza, naomba uangalie kama iko sawa." Nikawasha tochi ya simu. Ameandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: sampo imeathirika na unyevu wa hewa.

Nilicheka mpaka mpishi akaja kuangalia kuna nini. Nikamwambia akae, nikamsimulia ndoo ya bluu yote, mswaki, mbuzi, ripoti. Alafu nikampa kalamu. Akakata ule mstari, akafikiria, akaandika: "Niliacha kopo wazi saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, kwa ajili ya picha." Nikamuuliza picha yenyewe ilionwa na watu wangapi.

"43, bosi. Na wawili ni ndugu zangu."

Nikamwambia aandike na hiyo.